Ndege ya Ijumaa Asubuhi

Nkatha binti yangu,

Amani ikufikie huko chumbani, ng'ambo ya ukuta huu mmoja. Nimeona heri nikuandikie kuliko kubisha mlango wako, kwa maana mimi nikisimama mbele ya mtu hugeuka mhubiri kabla sijajijua, na wewe umenisikiliza nikihubiri tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Karatasi hainipi mimbari.

Mambo ya sweta, ya dawa za kifua, ya kumpigia simu shangazi yako ukifika, sitayagusa. Jirani yetu Bi Zuhura ameyamaliza yote. Nilimsikia mchana akikuelekeza hadi namna ya kuvaa soksi mbili kwa pamoja. Yaliyobaki utaambiwa na hospitali inayokungoja huko Skoti. Kanisani wamekwisha kulifanyia mzaha jambo hilo, umewasikia: "Wao walituletea Injili, sisi tunawarudishia nesi." Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Jina la Bwana Dankani umelisikia katika mahubiri yangu mara nyingi kuliko ulivyopenda, lakini sijawahi kukusimulia habari yake yote. Alikuwa seremala. Alifika kwetu chini ya mlima akiwa kijana, ameiacha Skoti kwa sababu alikuwa mtoto wa mwisho wa mkulima asiye na shamba lake mwenyewe, na hakuwa na cha kurithi. Wamishonari walimleta awajengee paa la shule; paa likaisha, yeye akabaki. Alijenga kanisa la mbao ambalo babu yako alibatizwa ndani yake. Alichimba pamoja na watu mfereji wa kuleta maji kutoka msituni. Akafanywa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa baraza la tarafa, na ikafika mahali ambapo soko halifunguliwi, barabara haikatwi, wala ugomvi wa mpaka hausikilizwi mpaka yeye aketi kwenye veranda yake, ameweka kofia gotini. Alikuwa mkali, tena alikuwa Mzungu wa zama zile, akiamini kwamba pasipo yeye tusingejua kuketi wala kusimama. Wapo wazee waliomchukia hadi kufa kwao. Lakini walipopatwa na shida walikwenda kwake, na nadhani hilo ndilo alilolipenda kuliko kupendwa.

Katika chuo cha Biblia nilikosoma, maisha yake yalikuwa somo. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja. Binti huyo alipofika umri wa kwenda shule, iliamuliwa apelekwe Skoti kwa shangazi yake. Siku ya safari, koo mbili zilikuwa zimeshikiana mapanga kwa ajili ya ule mfereji. Bwana Dankani alimkabidhi mtoto kwa mke wa mwalimu ampeleke hadi kituo cha treni, yeye akaketi kusikiliza kesi. Hawakuonana tena. Mwalimu wetu alipofika hapo alikuwa akivua miwani, kisha akasema, "Huyo ndiye mtumishi." Nasi tulijibu Amina. Mimi nilijibu kwa sauti.

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho chuoni yule binti aliporudi. Sasa alikuwa bibi mwenye mvi, mrefu, amevaa viatu vya kutembelea matopeni. Kanisa lilimfanyia mapokezi pale pale makaburini alikozikwa baba yake, pamoja na kwaya na mahema. Mzee Yakobo, aliyekuwa mkalimani wa misheni tangu ujana wake, alisimama kando yake ili atafsiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanachuo, karibu kiasi cha kukisikia Kiingereza chake.

Alisema kwa upole, wala hakulia. Alisema hakuja kuomboleza, kwa sababu hakumjua baba yake. Alichokumbuka ni mikono tu, iliyonukia mbao. Amekuja kwetu sisi tuliomjua, ili atuulize swali moja. Je, baba yake alikuwa mtu wa kucheka?

Mzee Yakobo alikohoa, akawageukia watu. "Anasema," akatangaza kwa Kimeru, "anawashukuru kwa kumtunza baba yake, naye kila siku ya maisha yake amejivunia kazi aliyoifanya kwenu."

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Yule bibi akatazama huku na huku, akingojea jibu la swali lake, na jibu lilikuwa makofi.

Baada ya chakula nilimfuata Mzee Yakobo. "Mzee, mbona hukutafsiri alichosema?"

"Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia swali."

"Kijana wa chuo," akaniambia huku akichokonoa meno, "hawa watu wametoka mbali, wamevaa nguo zao za Krismasi. Ulitaka niwarudishe nyumbani na nini?"

Nilicheka. Nilimwona ana hekima, nikaenda zangu. Ningeweza kumtafuta yule bibi katika nyumba ya wageni na kumwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba swali lake halikutufikia. Sikwenda. Kesho yake aliondoka bila kujua kama baba yake alicheka, nami nikahitimu nikiwa nimejifunza kwa Bwana Dankani lile nililofundishwa, si lile nililoliona kwa macho yangu.

Hivyo ndivyo nilivyokuja hapa Doha. Kwenye mkataba nilikuja kuendesha gari la hoteli moja pale Al Sadd. Moyoni nilikuja kama yule seremala, nikitafuta mahali ambapo kanisa letu halina paa. Tulianza tukiwa wachache katika chumba cha walinzi, mtaa huu huu wa Fereej Bin Mahmoud, tukiimba kwa sauti ya chini ili jirani wa juu asitugongee sakafu. Tukaongezeka. Tukapewa saa zetu katika lile eneo la makanisa nje ya mji, na Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, ikawa Jumapili yetu. Mama yako alikuwa amekwisha kuja. Yeye alikuwa nesi, na ni kwa kazi yake, si yangu, tulipata kibali cha kuishi hapa kama familia. Hilo pia sikuwahi kulisema kanisani.

Mchungaji aliyetumwa kutoka nyumbani aliponiwekea mikono niwe mzee wa kanisa, aliniuliza mbele ya watu kama ninaisimamia nyumba yangu vyema. Nilijibu, "Ndiyo, kwa neema ya Mungu." Mama yako alisimama nyuma yangu akiwa amekubeba. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Baadaye Wakenya walinifanya mwenyekiti wa umoja wao, na Waganda na Watanzania wasiokuwa na pa kwenda wakafuata. Dereva ambaye kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, ameizuia pasipoti, msichana wa kazi aliyetoroka nyumba ya tajiri wake, maiti iliyokwama hospitalini kwa sababu mandubu, yule mfuatiliaji karatasi wa kampuni, hashiki simu: wote walikuwa na namba yangu. Simu ililia tukila. Mama yako alijifunza kukifunikia chakula changu sahani bila hata kunitazama, kama mtu anayefunga dirisha kwa kuwa upepo umeanza.

Hakuna aliyenionya kuhusu mji huu. Bwana Dankani aliwaamulia watu ambao wajukuu wao wapo hadi leo kando ya mfereji ule ule. Mimi nimelitumikia kanisa lisilo na kaburi hata moja, wala mjukuu. Mkataba ukiisha, mtu huondoka. Kila baada ya miaka michache nasimama mbele ya nyuso ngeni zinazoniita Mzee, hazijui niliwaitikia wangapi kabla yao, na naanza tena mwanzo. Kazi niliyoifanya kwa wingi kuliko zote katika nchi hii haikuwa kufundisha wala kupatanisha, ilikuwa kuaga. Kila Ijumaa yupo anayerudi kwao. Anaitwa mbele, nampa mkono, naomba, kwaya inaimba. Nina maneno ya kumuaga aliyemaliza vyema, nina ya aliyefukuzwa, nina ya mgonjwa.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwapanga wanasesere wako sakafuni na kuwaita mbele mmoja mmoja. Unampa mkono, unafumba macho, kisha unampeleka nyuma ya kochi. Wageni walikuwa wakicheka hadi machozi. Siku moja mama yako akakuuliza, "Na baba mchungaji mwenyewe, wakiisha wote, anabaki na nani?" Ukafikiri. Ukasema, "Anabaki na simu." Wageni wakacheka zaidi, nami nikacheka kuwashinda.

Mama yako alipougua na kuamua kurudi kwa dada yake Meru, nilimwita mbele Ijumaa ile kama wengine. Niliomba kwa kipaza sauti. Watu walilia. Tulipokuwa garini akaniambia, "Umeniombea vizuri, Baba Nkatha."

"Ni Mungu," nikamjibu.

"Kama wale wengine wote," akasema, akitazama nje.

Nililipokea neno hilo kama sifa. Nilichukua miaka kulisikia.

Siku ya safari yake ulikuwepo, kwa hiyo sitakusimulia uliyoyaona. Nitakueleza upande wangu tu. Asubuhi ile walinzi vijana wa kampuni fulani walikataa kupanda basi la kazini, polisi wakaitwa, na mmoja wao akanipigia. "Mzee, kuja saa hii. Hawa watu watatubeba sisi wote. Bila wewe tumeisha." Bila wewe. Binti yangu, sijawahi kuonja kitu kitamu kuliko maneno hayo mawili, na nakuambia hivyo nikiwa mtu aliyeonja Meza ya Bwana tangu ujana. Nilimwambia mama yako nitawakuta uwanja wa ndege. Hakubishana. Alinifunga kifungo cha mkono wa shati kilichokuwa kimefunguka, kwa kuwa nilikuwa naenda kukutana na wakubwa.

Simu yake ilinikuta ofisini kwa meneja.

"Umewapata vijana?"

"Nimewapata. Watarudi kazini."

"Haya. Afadhali. Mimi naingia ndani sasa."

Na nyuma yake nikamsikia Bi Zuhura, aliyewapeleka kwa gari lake, akisema kwa sauti ya kutaka nisikie: "Mwambie awaombee na hao marubani, maana mkewe keshaombewa!"

Mama yako akacheka. Kisha simu ikakatika. Hakufika Pasaka. Nilikwenda nikamzika, na kwenye mazishi nilihubiri mwenyewe, ingawa wachungaji walikuwepo watatu waliojitolea kunipumzisha. Nilikataa. Nilihubiri juu ya uaminifu.

Wale vijana walikwisha kuondoka Qatar zamani. Mwaka jana nilikutana na mmoja wao Al Sadd, amerudi na kampuni nyingine. Akanikazia macho. "Mzee! Si wewe ndio ulikuwa pasta wa wale Waganda?" Nikamwambia si mimi. "Ah, basi nimekuchanganya na mwingine. Pole, Mzee," akasema, akateremka ngazi za metro.

Sina kesi na Mungu. Si yeye aliyenipigia simu siku ile. Wala sitakudanganya kwamba ningewaacha vijana wale wachukuliwe. Mtu alipaswa kwenda. Linalonila ni jingine. Mzee Odongo, mwenzangu katika baraza la wazee, alikuwa nyumbani kwake siku hiyo, hana kazi, tena anakijua Kiarabu kuliko mimi. Nilimkumbuka nikiwa bado nashuka ngazi za nyumba yetu. Sikumpigia, kwa sababu nilijua angeweza.

Lisome hilo polepole, kwa maana nalo liko ndani yako. Nimekuona wodini ulipokuwa kwenye mafunzo, namna wagonjwa walivyokuita wewe na kuwaruka wenzako, na namna uso wako ulivyong'aa. Ni uso wangu. Sikuambii uwakatae. Nakuambia tu kwamba sikuwahi kuchoka nikiwa mbele za watu; nilichoka nikifika nyumbani, mahali ambapo hakuna aliyeniambia bila wewe, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujifunza kuishi bila mimi.

Ulipoileta habari ya tiketi, ulisimama mlangoni pa jikoni.

"Baba, nimepata ndege. Ni Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa? Saa za ibada?"

"Hakukuwa na nyingine nzuri."

"Nkatha, hiyo ni Ijumaa ya Meza ya Bwana."

"Najua, Baba. Usijali. Bi Zuhura atanipeleka."

Nami, Mungu anisamehe, nilihisi pumzi ikinishuka. Nikakuambia basi tutakuaga juma linalotangulia, mbele ya kanisa lote, na akina mama wataoka keki. Ukasema hapana, kwa adabu. Ukasema hutaki kuitwa mbele. Nilidhani ni haya ya ujana, na nikawaambia akina mama hivyo hivyo.

Juzi nilikutana na Bi Zuhura kwenye lifti, ana mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Nikamshukuru kwa kukubali kukupeleka, nikamweleza habari ya ibada na wajibu wangu mezani. Unamjua Bi Zuhura: Mzanzibari, Mwislamu aliyeishika dini yake, na katika miaka yote ya ujirani hajawahi kunionea haya. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Baba Nkatha, kwani wewe hujafahamu?"

"Kufahamu nini?"

"Mtoto kaichagua Ijumaa makusudi. Nilikuwa naye anatafuta. Ndege zipo kila siku, za kumwaga."

"Makusudi, ili nisiweze kwenda?"

"Ili usiweze. Kakusitiri, masikini. Angeondoka Jumatano, nawe ukapigiwa simu ukenda zako, ingekuwa umemwacha yeye. Akiondoka Ijumaa, wewe uko kwa Mola wako, nani atakulaumu? Kaona bora akukose kwa sababu ya Mungu kuliko akukose kwa sababu ya watu."

Lifti ikafika ghorofa yetu. Alishuka, akageuka na mifuko yake. "Mwana mwema yule. Wema huo sijui kautoa wapi."

Nilibaki ndani ya lifti hadi mtu wa chini akaiita.

Kwetu bara neno hilo la kusitiri nililijua katika nguo na katika sala tu: Mungu atusitiri. Kumbe watu wa kwao hulitumia pia kwa mtu anayeifunika aibu ya mwenzake isionekane, hata na mwenye aibu mwenyewe. Tangu juzi limenikaa kifuani. Mzee Yakobo alimsitiri Bwana Dankani mbele ya watu wake. Mama yako alinisitiri kila alipokifunika chakula changu. Wewe umenifunika Ijumaa nzima kama shuka, ukaipanga tarehe, ukasema hakukuwa na nyingine nzuri, nawe husemi uongo. Na mimi ninayesifiwa kwa uaminifu nimeishi hivi miaka yote, chini ya mashuka ya watu ambao sikuwashukuru, nikidhani baridi haipo.

Sitaki unisitiri tena. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Leo asubuhi nilimpigia Mzee Odongo, nikamwambia kesho sitakuwepo mezani.

"Uko mgonjwa, Mzee?"

"Siumwi."

"Sasa? Mzee, ni Meza ya Bwana! Watu watauliza."

"Waambie nimemsindikiza binti yangu uwanja wa ndege."

"Hatuwezi kusema uko na homa? Watu wataelewa haraka."

"Sema kama nilivyokuambia. Na meza uiongoze wewe."

"Sawa, Mzee. Nitajaribu," akasema. Nami nikasikia katika sauti yake kwamba hana la kujaribu. Amekuwa tayari miaka mingi, akiningoja nikohoe.

Lakini niliyasema hayo kabla hujaniruhusu, na hapo nikatambua kwamba bado ni yule yule: nimekwisha kuwatangazia watu lile ambalo sijalizungumza nyumbani. Alasiri nikaenda mlango wa pili kuomba nafasi.

"Nafasi garini ipo," akasema Bi Zuhura, mikono ina unga. "Safari ndiyo si yangu, wala si yako. Muulize mwenyewe. Na akikubali, utakaa nyuma. Mbele nakaa naye mie. Na hiyo simu uiache kwako."

"Bi Zuhura, mimi ni dereva. Naweza kuwaendesha."

"Umeendesha watu wa kutosha," akasema, akafunga mlango.

Basi nakuuliza, Nkatha. Naomba nikae kiti cha nyuma kesho.

Najua ninachokiomba. Umeutengeneza moyo wako uondoke bila mimi, ukaupanga kwa uangalifu, na sasa dakika za mwisho nakuja kuuvuruga mpango uliokugharimu zaidi ya niwezavyo kujua. Huenda njia nzima ungependa kuzungumza na Bi Zuhura habari za mama yako, mambo ambayo nyinyi wawili mnayajua na mimi siyajui, na nikiwepo hamtazungumza. Usikubali kwa kunihurumia. Usiniambie kwamba gari limejaa, au kwamba kanisa linanihitaji zaidi. Kama ni hapana, nipe hapana yenyewe, kwa mdomo, ukiwa unanitazama. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kunipa, na huenda ndiyo sababu nimefika umri huu nikiwa hivi nilivyo.

Ukikubali, sitaomba kwa sauti. Maneno yangu ya kuaga nimewapa watu hadi yakachakaa, na sitakupa kitu kilichovaliwa na wengine. Nitakaa kimya. Ukitaka kuniuliza lolote kuhusu mimi, hata liwe dogo, hata kama nilikuwa mtu wa kucheka nilipokuwa kijana, uliza, nitakujibu mwenyewe.

Na ukikataa, nitakubebea sanduku hadi kwenye lifti. Nitaushika mlango wake usijifunge mpaka muingie wote wawili, kisha nitauachia.

Baba yako